Kiyoyozi Kimekufa? Anza na Paa

Kiyoyozi kikifa kwenye nyumba ya zamani, mwenye nyumba humpigia simu fundi friji, kisha huanza kuulizia bei madukani. Fundi anafika, anafungua boksi la nje, anasema kompresa imekwisha, na kabla chai haijapoa mazungumzo yameshahamia kwenye BTU, yaani nguvu ya kupoza, na aina ya gesi. Hakuna aliyeinua macho kutazama dari.

Makala hii ni kwa ajili ya wenye nyumba za miaka mingi Musoma, Bunda na Butiama: nyumba za tofali za kuchoma au bloku, bati lililopauka, madirisha ya vioo vya luva, nyaya za umeme zilizotandazwa enzi za wazazi, AC ya dirishani inayonguruma ukutani, na hita ya bafuni ambayo watoto wamekatazwa kuigusa. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: shilingi ya kwanza iende kwenye nyumba, ya pili ndiyo iende kwenye mashine. Ukigeuza mpangilio huo utanunua mashine kubwa kuliko unayohitaji, kisha utailisha umeme kila usiku mpaka siku itakapokufa nayo.

Joto la nyumba yako linatoka wapi

Tuanze na hali ya hewa, maana tunaisingizia mengi. Musoma ipo kando ya Ziwa Victoria, takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 28 au 29. Alfajiri hushuka hadi karibu 17 au 18. Bunda, iliyo mbali kidogo na maji, ina vumbi zaidi wakati wa kiangazi. Butiama ipo juu zaidi, kwenye vilima, na usiku wake ni wa blanketi. Hakuna hata mji mmoja kati ya hiyo mitatu wenye usiku wa Dar es Salaam, ule wa jasho lisilokauka mpaka kunakucha.

Sasa jiulize: ikiwa saa nne usiku hewa ya nje imeshapoa, kwa nini chumbani bado kunafukuta?

Mkoa wetu wa Mara upo jirani na ikweta. Musoma iko nyuzi moja na nusu tu kusini yake. Jua la hapa linapita utosini. Kwa hiyo sehemu ya nyumba inayopigwa kuliko zote ni paa, tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Bati tupu likikaa juani hupita nyuzi 60 bila taabu. Chini yake kuna hewa iliyofungiwa kwenye kenchi, na chini ya hewa hiyo kuna dari, kama ipo, ambayo hupokea joto hilo na kulishusha juu ya kitanda chako. Ukuta wa magharibi nao hubeba jua la alasiri. Tofali nene halipoi haraka. Joto lililoingia saa kumi jioni linatokea upande wa ndani saa tatu, saa nne usiku, wakati ndiyo kwanza unatafuta usingizi.

Ukuta wa kaskazini na wa kusini hausumbui sana. Jua huelemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, lakini saa za mchana linakaa juu kiasi kwamba upenu mzuri unatosha kuziba.

Ipo njia ya kulithibitisha hili bila kumlipa mtu. Siku ya jua kali, saa tisa alasiri, panda juu ya stuli uweke kiganja kwenye dari. Shuka, kiweke kwenye ukuta wa magharibi, halafu kwenye ukuta wa kaskazini. Saa tatu usiku rudia zoezi lilelile. Pale kiganja kinapoona moto ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda.

Paa, dari na ukuta wa magharibi

Kazi ya kwanza ni kuitoa hewa ya moto darini. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na matundu kwenye kuta za pembe za paa, yakazibwa baadaye kwa sababu ya popo. Yafungue, pande zote mbili za nyumba, kisha uyawekee wavu imara wa matundu madogo. Popo watabaki nje na hewa itapita. Kabla ya kupanda huko, jifunike pua na mdomo, na ulowanishe kinyesi cha popo kabla ya kukifagia. Vumbi lake si la kuvuta.

Kazi ya pili ni kuzuia joto linalomulika kutoka kwenye bati. Karatasi ya kung'aa ya alumini, ile inayouzwa kwa roli, ikitandazwa chini ya bati huku ikiachiwa nafasi ya hewa, hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo. Isiyo na nafasi ya hewa haisaidii kitu: karatasi iliyogandamizwa kwenye bati inapashwa moto kama bati lenyewe. Ukiwa na uwezo zaidi, tandaza pamba ya kioo juu ya dari. Fundi anayeitandaza avae glavu na barakoa.

Kazi ya tatu ni rangi. Mabati meusi, ya damu ya mzee na ya kijani iliyokoza yamekuwa fasheni, na kila mtaa mpya unang'aa nayo. Kwa macho ni mazuri, kwa usingizi ni mzigo. Kama unaezua, chagua rangi ya mwanga. Kama bati la zamani bado zima, lisafishe kutu, lipigwe dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeupe ya mabati.

Tahadhari moja kwa wanaoishi kwenye nyumba zilizokuwa za serikali au za taasisi: kama paa lako ni la vigae vya kijivu vyenye mawimbi, vizito na vinavyokatika kama sahani, huenda ni asbesto. Usilitoboe, usilikate kwa msumeno, wala usilisugue kwa brashi. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Likiwa zima liache. Likianza kuvunjika tafuta ushauri wa watu wa mazingira wa halmashauri kabla ya fundi yeyote kupanda.

Ukuta wa magharibi unataka kivuli. Baraza ni jibu zuri kuliko yote, ila ni ghali. Mwarobaini au mwembe uliopandwa mita kadhaa kutoka kwenye msingi ni jibu la bei ya mche, kwa anayeweza kusubiri. Asiyeweza kusubiri ajenge kichanja cha mabanzi na apandishe mmea wa kutambaa. Msimu mmoja wa mvua unatosha kuuvika ukuta.

Kuingiza usiku ndani

Hewa ya Mara usiku imeshapozwa bure. Kazi yako ni kuiingiza. Kando ya ziwa upepo wa mchana hutoka majini kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda majini. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakifaidi upepo wowote kati ya hizo mbili. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Tundu la hewa juu ya mlango wa chumba, lile ambalo nyumba nyingi za zamani zilikuwa nalo kisha likazibwa kwa ubao, lirudishwe.

Tunajua kinachofanya watu wafunge madirisha: mbu, na usalama. Vyote vina dawa yake. Wavu wa dirishani ubadilishwe kila unapochakaa, na uoshwe, kwa sababu wavu uliojaa vumbi unazuia upepo kama pazia. Ukiondoa hayo, panga boi linamaliza kazi. Feni haipozi hewa. Humpoza mtu kwa kukausha jasho lake, ndiyo maana hakuna haja ya kuiacha ikizunguka sebuleni wakati hamna mtu.

Fanya haya yote kabla ya kwenda dukani, kisha lala wiki mbili. Baadhi yenu mtagundua kwamba AC iliyokufa haikuwa na sababu ya kufufuliwa. Hasa Butiama, sioni chumba cha kulala chenye dari nzuri na panga boi kinachohitaji zaidi ya hapo.

Nani anahitaji kiyoyozi kweli

Wapo wanaokihitaji. Mzee mwenye presha au moyo anayeteseka na joto. Chumba kinachotazama barabara, ambacho dirisha likifunguliwa usiku mtu halali kwa kelele. Duka la dawa. Ofisi yenye kompyuta nyingi. Nyumba ya wageni mjini Musoma, ambako mgeni ameshalipia chumba chenye AC na hataki hadithi ya upepo wa ziwa. Kwa hawa, mashine inunuliwe, ila inunuliwe kwa hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya LUKU. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti, na mteja wa kundi la kawaida, T1, hulipa Sh292. Ukiongeza VAT na tozo, zinakuwa kama Sh122 na Sh356. Ukiwa D1 ukavuka 75, uniti za ziada unauziwa kwa Sh350 kabla ya kodi, na ukizoea kuvuka unahamishiwa T1. Thibitisha kundi lako ofisi ya TANESCO kabla ya kupiga hesabu yako.

Panga boi la wati 60 likizunguka kwa muda wa saa nane kila usiku hula karibu nusu uniti, yaani uniti 15 kwa mwezi. AC ya kawaida ya BTU 12,000 huvuta karibu kilowati moja kompresa ikiwa kazini. Tuseme inafanya kazi nusu ya usiku wa saa nane: uniti 4 kila usiku, 120 kwa mwezi. Kwa T1 ni kama Sh43,000. Lakini hapo hujamaliza. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa bei ya D1, kama Sh7,300, sasa inatumia 180, na zote, za friji, za taa, za televisheni, zinalipiwa kwa bei ya T1: kama Sh64,000. Gharama halisi ya kiyoyozi hicho ni karibu Sh57,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ambayo muuzaji hawezi kukutajia, kwa sababu haijui nyumba yako. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme nchini. Uniti za chumbani kwako bado unazinunua mwenyewe.

Ukubwa: usikubali kutishwa

Mazungumzo ya namna hii husikika sana mafundi wanapokuja kupima:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Pita, chumba chenyewe ndicho hiki."

"Mwalimu, hapa tufunge ya kumi na nane. Ya tisa itakuwa inahema tu."

"Mbona chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili?"

"Joto la humu ni kali, mwalimu. Hebu gusa dari."

Fundi ametoa dawa bila kujijua. Kama dari ndiyo inayounguza, BTU elfu tisa za ziada ni faini ya dari hiyo, italipwa kila mwezi. Dari ikishatengenezwa, hesabu ya kuanzia ni kama BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni kama mita 11 za mraba. Kinahitaji karibu BTU 6,700, hivyo mashine ya 9,000 inatosha na inabakiza. Sebule ya futi 16 kwa 20, kama mita 30 za mraba, inataka 18,000. Ongeza kidogo kama chumba kinatazama magharibi au kinajaa watu. Punguza kama kimezungukwa na vyumba vingine.

Mashine kubwa kupita kiasi haipozi vizuri zaidi. Inashusha joto haraka, inazima, inawaka tena, na katikati hapo haipati muda wa kukausha unyevu wa hewa. Karibu na ziwa matokeo yake ni chumba chenye baridi na ubichi kwa pamoja, shuka kama zimeanuliwa kabla ya kukauka. Kompresa nayo inachoka kwa kuwashwawashwa.

Kwa chumba cha kulala kinachotumika kila usiku, nunua ya inveta. Kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na kwenye chumba kilichozibwa vizuri inaweza kuokoa theluthi ya umeme au zaidi. Kwa chumba kinachotumika mara mojamoja, tofauti ya bei huenda isirudi. Na kwa vyovyote, chumba cha AC hakifai kuwa na luva. Vioo vile havikutani sawasawa hata vikiwa vipya. Ukikipoza chumba chenye luva unawapozea majirani. Badilisha dirisha la chumba hicho kimoja liwe la kufunga kikamilifu, na uweke mpira chini ya mlango.

Gesi: kwa nini usitengeneze ile ya zamani

AC nyingi za zamani zinatumia gesi ya R22. Gesi hii huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 nchi kama yetu zimekuwa zikiipunguza kwa hatua: kiwango kilifungwa 2013, kikakatwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na mwaka 2030 ndio mwisho, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Maana yake kwako ni nyepesi: gesi hiyo inazidi kuadimika, na penye uhaba ndipo mitungi ya mchanganyiko usiojulikana inapozaliwa. Kompresa ya R22 ikishakufa, usinunue nyingine. Badilisha mashine nzima.

Mashine mpya zitakuja na R410A au R32. R410A hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa zaidi kuliko R22, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haiwezi kumiminwa kwenye mashine ya zamani, na mabomba ya shaba yaliyozikwa ukutani miaka hiyo yasitumike tena. R32 inachafua hali ya hewa kwa kiwango kidogo, takribani theluthi moja ya R410A, na gesi za aina hizi zote mbili zimo kwenye makubaliano ya kupunguzwa yaliyofikiwa Kigali Oktoba 2016. Kati ya hizo, chagua R32, ukijua kwamba inaweza kushika moto ikikutana na mwali wa moto. Fundi asichomelee bomba lenye gesi. Na ile gesi ya zamani inyonywe kwenye mtungi, isiachiwe hewani.

Kitu kingine kuhusu gesi: hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba maisha yake yote. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" bila kutafuta inapovujia anakuuzia kitu kilekile kila mwaka. Mwambie atafute tundu kwanza, kwa povu la sabuni kwenye maungio, ndipo ajaze.

Umeme wa nyumba ya zamani

Hapa ndipo nyumba huungulia. Nyaya za taa za milimita 1.5 hazikutandazwa kwa ajili ya kiyoyozi. AC ya BTU 9,000 au 12,000 iwe na waya wake yenyewe kutoka kwenye mein swichi, wa milimita 2.5, na sakiti breka yake. Mashine kubwa zaidi zinahitaji waya mnene zaidi. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa arthi, au zinao ila nondo iliyochimbiwa nje imeliwa na kutu. Arthi ipimwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, akupe na namba ya kipimo, asikuambie tu kwamba "ipo".

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na juu ya ziwa lenyewe nyingi hupiga usiku. Bodi ya kompyuta ndani ya AC ya inveta haivumilii radi wala umeme unaopanda na kushuka. Funga kifaa cha kuilinda kinachokata umeme unapovuka mipaka na kusubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuurudisha. Mwanga wa radi ukikaribia, zima kwenye breka, rimoti haitoshi.

Siku ya kufunga

Mashine nzuri ikifungwa vibaya ni mashine mbaya. Mchague fundi aliyesomea majokofu na viyoyozi, VETA au kwingineko, na umwone ana vifaa vifuatavyo kabla hajatoboa ukuta: pampu ya kunyonya hewa, geji za gesi inayohusika na kifaa cha kutanua midomo ya mabomba. Asiye na pampu atakuambia "tutasukuma hewa kwa gesi yenyewe". Mshukuru, umpe nauli, utafute mwingine. Hewa na unyevu vikibaki ndani ya mabomba huila kompresa taratibu, na itakufa waranti ikiwa imekwisha.

Simama naye. Pampu ifanye kazi nusu saa, kisha izimwe, na sindano ya geji ikae palepale dakika kumi. Ikipanda, pana uvujaji au unyevu. Mabomba yawe ya shaba, yote mawili yavikwe sponji mpaka mwisho. Bomba la maji literemke bila kupinda juu popote, vinginevyo maji yatarudi ukutani.

Boksi la nje likae kivulini, upande wa kaskazini au kusini wa nyumba, lisikae magharibi. Na kwa wa Musoma, lipo jambo ambalo kitabu cha maelekezo hakilijui: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi. Wanafuata taa. Boksi likiwa chini ya taa ya ulinzi, asubuhi utakuta mapezi yake ya alumini yamezibwa na tope la wadudu waliokufa, hewa haipiti, na kompresa inachemka. Hamisha taa au hamisha boksi. Baada ya kila wimbi la wadudu, zima umeme, upige maji ya mgandamizo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Bunda fanya hivyohivyo kwa vumbi, mara kwa mara wakati wa kiangazi. Filta ya ndani ni ya kuoshwa kila wiki mbili; hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine, na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri. Ukishaiwasha, weka nyuzi 25 au 26 na panga boi polepole. Kubonyeza 16 hakuharakishi baridi. Kunaiambia tu mashine isipumzike.

Na upande wa moto: maji

Nchi za baridi mtu akibadilisha kiyoyozi hubadilisha na tanuru la kupashia nyumba. Sisi hatuna haja hiyo. Kinachotaka moto kwetu ni maji ya kuoga, hasa Butiama asubuhi za Juni na Julai. Mwenye nyumba ya wageni anayepokea watu wanaokwenda kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere atashukuriwa zaidi kwa maji ya moto kuliko kwa AC.

Hesabu yake ni hii. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 22 hadi 40 inahitaji kama uniti 0.42, tuseme nusu uniti pamoja na upotevu. Hita ya bafuni ya wati 5,500 ikiwashwa dakika kumi hula uniti 0.9. Tangi la umeme la lita 50 likipashwa hadi nyuzi 60 hula zaidi ya uniti 2, na likiachwa linawaka mchana kutwa linaendelea kula kufidia joto linalotoka. Kwa familia ndogo, hita ya bafuni yenye waya wa milimita 6, breka ya ampea 32, arthi nzuri na kifaa cha kukata umeme unapovuja inatosha. Bila arthi, usiifunge kabisa. Kwa familia kubwa au nyumba ya wageni, hita ya jua juu ya paa ndiyo chaguo la miaka: jua letu lipo karibu kila siku, na uniti zake ni sifuri. Kwa asiye na uwezo wa yote hayo, simtanki jeusi lililo juu ya mnara lina maji ya uvuguvugu kila jioni yenye jua. Oga saa kumi na mbili, usingoje saa kumi na moja alfajiri.

Na onyo lisilo na mjadala: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kuotea moto. Hewa yake ya sumu haina harufu wala haichomi macho, na aliyelala hazinduki.

Ukiwa na pesa kidogo

Ukipata fedha ya mwezi huu tu, fungua matundu ya paa, badilisha nyavu na ufunge panga boi. Ya msimu huu, weka karatasi ya alumini na utengeneze dari ya chumba kimoja, kile unacholala. Ya mwaka huu, pima arthi na ubadilishe nyaya, hata kama hutanunua kitu kingine, kwa sababu hili ni la kuokoa maisha. Baada ya hapo ndipo maji ya moto, na mwisho kabisa kiyoyozi: kidogo, cha inveta, kwa chumba kimoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Muuzaji akikuuliza unataka ya BTU ngapi, mwambie utarudi ukishamaliza dari. Kama ni mfanyabiashara wa kweli atakusubiri, kwa sababu anajua mteja ambaye mashine yake haikumfilisi ndiye anayerudi na ndugu zake.